Uliza Fundi: Filamu inayokwama kwenye kompyuta ndogo ya sebuleni

Barua nyingi zilizotufikia katika wiki za karibuni zinahusu jambo moja: kompyuta ndogo isiyokula umeme mwingi, iliyowekwa chini ya televisheni ili ionyeshe filamu, ambayo hucheza baadhi ya video vizuri kabisa na nyingine huzikatakata hadi mtazamaji akakata tamaa. Tumechagua barua chache na kuzijibu hapa. Jibu la kwanza ni refu kwa sababu majibu mengine yanaliegemea.

Faili ndogo, taabu kubwa

*Ndugu Fundi, pokea salamu zangu kutoka Tanga. Nina kompyuta ndogo isiyo na feni, yenye prosesa ya Intel Celeron J1900 na RAM ya GB 4, niliyoiunganisha na televisheni kwa kebo ya HDMI. Kwa miaka kadhaa imeonyesha filamu bila matatizo. Mwaka huu mpwa wangu alininakilia filamu mpya kwenye diski ya nje, nazo hazitazamiki: sauti inatangulia, picha inafuata kwa kurukaruka, na kompyuta inapata moto. Ajabu ni kwamba faili hizo mpya ni ndogo kuliko zile za zamani. Nimekwisha kununua nyongeza ya HEVC katika duka la mtandaoni la Microsoft na kubadilisha mipangilio ya VLC, lakini hali ni ile ile. Je, niongeze RAM?*

Ndugu yetu wa Tanga, usitoe fedha yako kwa ajili ya RAM, maana haihusiki. Ule udogo wa faili uliokushangaza ndio chanzo cha taabu yenyewe.

Video ikiachwa bila kubanwa haiwezi kuhifadhika nyumbani. Picha moja ya pikseli 1920 kwa 1080 huchukua takriban MB 3. Zidisha kwa picha 24 za kila sekunde, na saa moja ya filamu itahitaji zaidi ya GB 260. Kwa hiyo kila video tunayoitazama imebanwa kwa kanuni fulani, na kompyuta inapoicheza hulazimika kuifungua tena, picha baada ya picha, bila kuchelewa. Kazi hiyo ya kufungua ndiyo tunayoiita kusimbua. Filamu zako za zamani bila shaka zilibanwa kwa kanuni ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003, na hizi za mpwa wako zimebanwa kwa HEVC, ambayo pia huitwa H.265, iliyopitishwa mwaka 2013. Lengo la HEVC lilikuwa kupata ubora ule ule kwa takriban nusu ya data, na lengo hilo lilifikiwa kwa kuongeza hesabu. H.264 huigawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, ilhali HEVC huanza na miraba inayoweza kufika 64 kwa 64, kisha huikatakata kwa namna nyingi kulingana na kilichomo ndani yake. Na pale ambapo H.264 ina njia 9 za kukisia rangi za mraba mdogo kutokana na jirani zake, HEVC ina njia 35. Faili inakuwa nyepesi diskini, lakini mzigo wa kuifungua unaongezeka.

Kompyuta ina njia mbili za kuubeba mzigo huo. Ya kwanza ni viini vya kawaida vya prosesa, ambavyo huweza kufanya kazi yoyote vinayopewa na programu, lakini hutumia umeme mwingi na, katika mashine ndogo kama yako, havina mbio za kutosha. Ya pili ni sakiti maalumu iliyojengwa ndani ya sehemu ya grafiki kwa ajili ya kusimbua video tu. Sakiti hiyo ni kama mbuzi ya kukunia nazi: hufanya kazi yake moja haraka na bila jasho, lakini huwezi kuitumia kukatia kitunguu. Inazijua kanuni ilizofundishwa kiwandani, na hakuna draiva, sasisho wala nyongeza ya kununua inayoweza kuifundisha kanuni mpya baadaye.

J1900 ilitoka mwaka 2013, mwaka ule ule wa kupitishwa kwa HEVC, na sakiti yake inazijua MPEG-2, VC-1 na H.264, HEVC haimo. Nyongeza uliyoinunua inaiwezesha Windows kuzifungua faili za HEVC, lakini isipokuta sakiti inayofaa huirudisha kazi kwenye viini vya prosesa, na hapo ndipo unapoiona kompyuta ikipata moto. Mipangilio ya VLC nayo ni hivyo hivyo: inaruhusu sakiti itumike pale ilipo, basi.

Nakushauri uweke programu ya bure iitwayo MediaInfo na uifungue kila faili kabla ya kuilaumu kompyuta. Ukiona neno AVC, hiyo ni H.264 na mashine yako itaicheza vizuri. Ukiona HEVC, tazama pia kama imeandikwa "Main" au "Main 10", kwa kuwa hiyo ya pili hutumia biti 10 kwa kila rangi badala ya 8 na ni nzito zaidi. HEVC ya biti 8 yenye ukubwa wa 720p huenda viini vya J1900 vikaimudu. Ya 1080p ni bahati nasibu, na ya 4K usihangaike nayo. Mwombe mpwa wako akuletee filamu zilizobanwa kwa H.264, au azibadilishe yeye mwenyewe kwa programu ya HandBrake kwenye kompyuta yenye nguvu. Faili zitakua, na ubora utapungua kidogo kwa kuwa kila kubana upya hupoteza kitu, lakini kazi hiyo hufanywa mara moja tu.

Vikompyuta vya ofisi kutoka Ulaya

*Fundi, mimi ni mama wa familia hapa Nairobi. Madukani kuna vikompyuta vidogo vya ofisi vilivyokwisha kutumika, ambavyo wauzaji huviita ex-UK: HP EliteDesk, Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny. Bei zake zinavutia, na kila muuzaji ananihakikishia kwamba chake kinacheza 4K. Stima ikipotea tunategemea sola na betri, kwa hiyo sitaki mashine inayomaliza betri kabla filamu haijaisha. Nichague kipi?*

Mama, usinunue kasha, nunua namba ya prosesa. Mwambie muuzaji akuwashie mashine akuonyeshe namba hiyo kwenye skrini, wala usitosheke na kibandiko cha nje, kwa sababu vibandiko huhamishwa.

Katika prosesa za Intel za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya i3, i5 au i7 ndiyo inayotaja kizazi. Mashine kama Lenovo M93p Tiny, Dell OptiPlex 3020 Micro na HP EliteDesk 800 G1 Mini hubeba kizazi cha 4, kwa mfano i5-4590T. Kizazi hicho hakina sakiti ya HEVC, ingawa viini vyake vinne vina nguvu za kutosha kuisimbua HEVC ya 1080p kwa nguvu za prosesa peke yake. Utaitazama filamu, lakini mashine itakula umeme zaidi na feni itasikika. Kizazi cha 6, cha mwaka 2015, kina sakiti ya HEVC ya biti 8. Kizazi cha 7 ndicho kilichoongeza HEVC ya biti 10 na pia VP9, kanuni nyingine ya kubana video, ya biti 10.

Tofauti hiyo ya biti mbili inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomgharimu mnunuzi. Filamu za 4K zenye HDR, yaani zenye upana mkubwa zaidi wa mwanga na rangi, hubanwa kwa biti 10, maana HDR10 yenyewe inahitaji biti 10, kwa hiyo mashine ya kizazi cha 6 hukwama kwenye faili zile zile ambazo muuzaji anajisifia. Mtego wenyewe ni kwamba makasha kadhaa yaliuzwa na vizazi vyote viwili: HP EliteDesk 800 G3 Mini, Dell OptiPlex 3050 Micro na Lenovo M710q zinaweza kuwa na i5-6500T au i5-7500T, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ile ya 7500T ndiyo ya kulipia.

Kagua pia tundu la picha. Nyingi za mashine hizi zina DisplayPort badala ya HDMI, na adapta ya bei ya chini huishia kwenye 4K ya picha 30 kwa sekunde. Ukitaka 60, omba adapta ya DisplayPort kwenda HDMI 2.0 iliyo na chipu yake ya kubadilisha mawimbi.

Kuhusu betri, herufi T mwishoni mwa namba ina maana kwamba prosesa iliundwa kwa kiwango cha wati 35. Hiyo si kiasi inachokula muda wote. Sakiti ikifanya kazi yake, viini vya prosesa hubaki karibu vimelala na matumizi hushuka mno. Ikiwa unaweza kununua mashine mpya, zipo ndogo zenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 2023, ambayo kiwango chake ni wati 6 na inasimbua HEVC ya biti 10, VP9 na hata kanuni mpya zaidi ya AV1. Piga hesabu hivi: mashine inayotumia wastani wa wati 30 itachukua saa-wati 60 kwa filamu ya saa mbili, na inayotumia wati 10 itachukua 20. Betri ya volti 12 na saa-ampea 100 ina takriban saa-wati 1200 ikiwa mpya na imejaa, ingawa haishauriwi kuimaliza yote. Kwa maneno mengine, hata ile ya wati 30 haitakulaza gizani. Televisheni yenyewe ndiyo inayoweza kula kuliko vyote, na hiyo muuzaji wa kompyuta hatakutajia.

N100, Debian, na prosesa inayofika asilimia mia

*Assalamu alaykum. Ninaishi Muscat. Nimenunua kompyuta ndogo yenye N100, nikaweka Debian 12, ambao ni mfumo wa Linux, pamoja na Kodi na mpv, programu za kuchezea video. Nilisoma kwamba chipu hii inasimbua kila kitu, lakini nikicheza filamu ya 4K viini vyote vinne vya prosesa vinafika asilimia mia na picha inakwama. Amri ya vainfo, inayoorodhesha video ambazo sakiti inaziweza, inaleta makosa tu. Huenda ifaa kusema kwamba wakati wa kuweka Debian skrini ilikuwa nyeusi, nikaongeza neno nomodeset kwenye mistari ya kuwashia, ndipo ikakubali.*

Waalaykum salaam. Umefanya vyema kutaja jambo hilo la mwisho, kwa sababu ninaamini ndilo chanzo. Neno nomodeset huizuia kerneli, yaani moyo wa mfumo wa Linux, kuiendesha sehemu ya grafiki. Linasaidia kuivusha siku ya usakinishaji, lakini likiachwa, sakiti ya video haifikiki kabisa. Andika `ls /dev/dri` kwenye terminali. Kama folda hiyo haipo, au haina kitu kiitwacho renderD128, basi hakuna programu itakayoiona sakiti hata ukiibadilishia mipangilio yote. Fungua faili ya /etc/default/grub, ondoa neno hilo, endesha `sudo update-grub`, kisha uwashe kompyuta upya. Skrini ikirudi kuwa nyeusi, tatizo liko kwenye kerneli au programu-ndogo ya grafiki, na tiba yake ni kuweka kerneli mpya zaidi kutoka hazina ya backports ya Debian pamoja na kifurushi cha firmware-misc-nonfree. Usirudi kwenye nomodeset.

Kitu hicho cha renderD128 kikishaonekana, hakikisha una haki ya kukitumia. Katika Debian hulindwa kwa kundi liitwalo render, na mtumiaji asiyekuwamo anaweza kukataliwa, hasa pale Kodi inapoendeshwa kama huduma ya mfumo bila mtu kuingia kwenye dawati. Amri ya `sudo usermod -aG render,video` ikifuatiwa na jina lako la mtumiaji inatosha, lakini ni lazima utoke na kuingia upya ndipo ianze kufanya kazi. Wengi hulisahau hilo na kudhani amri imeshindwa.

Linafuata suala la draiva ya VA-API, ambayo ndiyo lugha ambayo programu za Linux huitumia kuzungumza na sakiti za Intel. Zipo mbili. Ile ya zamani, i965, iko kwenye kifurushi cha i965-va-driver na inahudumia chipu za zamani kama J1900 na kizazi cha 4. Ile mpya, iHD, iko kwenye intel-media-va-driver na inahudumia kuanzia kizazi cha 5 hadi hizi za leo. N100 inahitaji iHD. Mara nyingine zote mbili huwepo na mfumo huchagua isiyofaa; hapo unailazimisha kwa kuandika `LIBVA_DRIVER_NAME=iHD` mbele ya amri yako.

Sasa endesha vainfo. Kila mstari unaotoka una sehemu mbili: profaili ya video na kazi ambayo sakiti inaweza kuifanya juu yake. Tafuta mistari inayoishia na VAEntrypointVLD, kwa kuwa hiyo ndiyo ya kusimbua; inayotaja EncSlice ni ya kubana, nayo haikuhusu unapotazama filamu. Kwa N100 unapaswa kuiona VAProfileHEVCMain10, VAProfileVP9Profile2 na VAProfileAV1Profile0. Orodha hiyo ndiyo kauli ya mwisho kuhusu uwezo wa chipu yako, na ninaiamini kuliko tangazo lolote la muuzaji.

Hata orodha ikiwa kamili, programu inaweza kuamua kutoitumia sakiti. Katika hali yake ya kawaida mpv haitumii sakiti kabisa hadi iambiwe, na si watu wengi wanaolijua hilo. Andika mstari mmoja, `hwdec=vaapi`, ndani ya faili ya ~/.config/mpv/mpv.conf, kisha uicheze filamu ukiwa kwenye terminali. Ikifanikiwa utaona maneno "Using hardware decoding (vaapi)". Katika Kodi ingia kwenye mipangilio ya kicheza video, pandisha kiwango cha mipangilio hadi kile cha juu ili vitu vilivyofichwa vionekane, na uhakikishe kwamba VAAPI imeruhusiwa. Filamu ikiwa inaendelea, bonyeza Ctrl, Shift na O kwa pamoja: jina la kisimbuaji likifuatwa na herufi HW, sakiti iko kazini.

Utakuta pia chaguo liitwalo vaapi-copy. Linasimbua kwa sakiti, kisha linainakili kila picha kutoka kumbukumbu ya grafiki kwenda kwenye RAM ya kawaida. Picha moja ya 4K ya biti 10 ni karibu MB 25, na kwa picha 60 kwa sekunde hiyo ni takriban GB 1.5 kila sekunde zinazosafirishwa bila sababu, wakati N100 ina njia moja tu ya kumbukumbu. Litumie pale unapotaka kichujio cha programu kinachohitaji picha iwe kwenye RAM. Kwa kutazama tu, liache.

Kwa uhakika wa mwisho, weka kifurushi cha intel-gpu-tools na uendeshe `sudo intel_gpu_top` kwenye terminali nyingine wakati filamu inaendelea. Mstari wa "Video" ukipanda na matumizi ya prosesa yakishuka hadi asilimia chache, umemaliza. Mstari huo ukibaki sifuri, bado ni prosesa inayohangaika, hata kama picha inaonekana laini.

Ukikuta baada ya hayo yote kwamba filamu za HDR zinacheza vizuri lakini rangi zimepauka, usirudi kuichokonoa draiva. Usimbuaji uko sawa. Kinachokosekana ni taarifa za HDR kufika kwenye televisheni, na dawati la kawaida la X11 halizipitishi. Kodi ikiendeshwa moja kwa moja bila dawati, kwa njia ya GBM, huweza kuzipitisha. Kama mashine hiyo haina kazi nyingine zaidi ya sinema, fikiria kuweka LibreELEC, mfumo ulioundwa kwa ajili ya Kodi peke yake, ambao toleo lake la kawaida la kompyuta za Intel hutumia GBM tangu mwanzo. Binafsi ningeanza na huo na kujiepusha na nusu ya safari hii, lakini mtu anayetaka pia kivinjari na kazi nyingine kwenye mashine ile ile atabaki na Debian.

YouTube kwenye mashine kuukuu

*Mimi niko Mombasa. Kompyuta yangu ndogo ina prosesa ya Intel kizazi cha 4. Filamu zilizo diskini hazina shida, lakini YouTube ya 1080p inakwama ingawa intaneti ni nzuri. Kwa nini?*

Kwa sababu YouTube ndiyo inayochagua kanuni ya kubana, na kwa kawaida humpa mtazamaji wa kivinjari VP9 au AV1, ambazo sakiti ya kizazi chako haizijui. Bofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya na ufungue takwimu zake. Ukiona vp09 au av01, prosesa ndiyo inayofanya kazi yote. Ukiona avc1, hiyo ni H.264. Kiongezi cha kivinjari kiitwacho h264ify huiambia YouTube kwamba kivinjari chako kinaijua H.264 tu, nayo hukuletea hiyo. Utabanwa kwenye 1080p, kwa maana YouTube haitoi H.264 zaidi ya hapo, na utatumia bando zaidi kwa ubora ule ule. Kama unatumia Linux, hakikisha pia kwamba Firefox yako ni toleo la 115 au zaidi, ambalo kwa chipu za Intel linaitumia VA-API bila kulazimishwa.

Raspberry Pi 5 imerudi nyuma?

*Nasikia Raspberry Pi 5 haina sakiti ya H.264, ilhali Pi 4 inayo. Niko Moshi na nilikuwa najiandaa kuinunua Pi 5 kwa ajili ya Kodi. Niache?*

Ulichosikia ni kweli, na haipaswi kukuzuia. Pi 4, ya mwaka 2019, inasimbua kwa sakiti H.264 hadi 1080p na HEVC hadi 4K. Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, ilibakiza HEVC peke yake, kwa hoja kwamba viini vyake vinne vya Cortex-A76 vinaimudu H.264 ya 1080p bila msaada, na hivyo ndivyo ilivyo. Zote mbili hazina sakiti ya VP9 wala AV1, kwa hiyo YouTube ya 4K isiwe sababu ya kuzinunua.

Kitakachokusumbua zaidi ni umeme. Pi 4 inataka chaja ya volti 5 na ampea 3, na chaja rasmi ya Pi 5 hutoa ampea 5. Chaja ya simu iliyookotwa kabatini hushusha volti pale kazi inapozidi, prosesa inajipunguzia kasi, na filamu inakwama kana kwamba hakuna sakiti. Alama ya radi ya njano kwenye kona ya skrini ndiyo onyo lake. Na ukiishia kununua Pi 4 kwa ajili ya 4K ya picha 60, tumia tundu la HDMI lililo karibu na la chaja na uongeze `hdmi_enable_4kp60=1` ndani ya config.txt.

AVC isiyokubali

*Fundi, watoto wangu hapa Bujumbura wanapenda katuni za Kijapani. Tuna N100, kila kitu kimepangwa vizuri, lakini baadhi ya katuni hizo huchezwa na prosesa, si na sakiti. MediaInfo inasema ni AVC, kanuni ya zamani kabisa. Kuna kosa gani?*

Rudi kwenye MediaInfo, ndugu, na usome mstari wa profaili. Nina hakika utakuta "High 10". Hiyo ni H.264 ya biti 10, ambayo wapenzi wa katuni waliipenda kwa sababu hupunguza mistari inayojitokeza kwenye mbingu na kuta zenye rangi moja inayofifia taratibu. N100 inasimbua H.264 ya biti 8 na HEVC ya biti 10, lakini H.264 ya biti 10 haimo, na ukiitazama orodha ya vainfo hutaiona. Hakuna cha kurekebisha. Viini vya N100 vinaimudu vizuri kwa 1080p, kwa hiyo waache watoto watazame.

Sakiti inafanya kazi, picha bado inashtuka

*Niko Dar es Salaam. Nimehakikisha kwamba sakiti inafanya kazi na prosesa imetulia, lakini kamera inapozunguka taratibu picha inashtuka kidogo kidogo, kwenye filamu zote. Taarifa za habari nilizorekodi hapa nyumbani nazo zinashtuka, ila kwa namna tofauti. Televisheni ni ya 4K na nimeiweka kwenye 4K.*

Kusimbua kumekamilika, na tatizo lako limehamia kwenye mwendo wa skrini. Filamu nyingi za sinema zina picha 23.976 kwa sekunde. Televisheni ikiwa imesimama kwenye 60, picha moja huonyeshwa mara mbili na inayofuata mara tatu, na jicho hulitambua zigizaga hilo kamera inapotembea. Vipindi vya televisheni zetu vimerithi mfumo wa picha 25 na hezi 50 (hezi ni mara ambazo skrini hujichora upya kwa sekunde), kwa hiyo rekodi zako nazo haziingii sawasawa ndani ya 60, kwa hesabu nyingine; ndiyo maana unaona mshtuko wa namna mbili. Katika Kodi, kwenye mipangilio ya kicheza video, washa chaguo la kubadilisha hezi za skrini kila video inapoanza na kuisha, kisha ruhusu angalau 23.976, 24, 50 na 60 kwenye orodha ya mifumo ya skrini. Televisheni itakuwa nyeusi kwa sekunde chache mwanzoni mwa kila filamu, na hilo ni la kawaida.

Kabla ya hapo, tazama ni hezi ngapi unazopata sasa hivi. Tundu la HDMI 1.4 hufika 4K kwa hezi 30 tu, na hapo hata 50 haitakuwamo kwenye orodha; ni afadhali kuishusha skrini hadi 1080p, ambako hezi zote zinapatikana, kuliko kung'ang'ania 4K inayoshtuka. Kama kompyuta ina HDMI 2.0 na bado huioni 60, ingia kwenye mipangilio ya televisheni yenyewe. Televisheni nyingi hufunga kasi kamili ya kila tundu la HDMI mpaka mwenyewe uiruhusu, na mara nyingi ruhusa hiyo huwekwa kwa tundu moja moja, kwa hiyo ukihamisha kebo itakubidi uiwashe upya kwenye tundu la pili.